Sungura habebi mtoto wake: kiota, kizimba na wiki tatu za mwanzo

Paka akimkuta mtoto wake nje ya kiota humnyanyua kwa ngozi ya shingo na kumrudisha mahali pake. Sungura hana tabia hiyo. Mtoto akidondoka kwenye waya saa nane usiku, mama atampita mara kadhaa akienda kunywa maji na hatamgusa, na kukicha utamkuta amekakamaa kwa baridi. Wengi humwona jike huyo ni katili. Lakini kwa asili yake sungura huzalia ndani ya shimo ardhini, na humo mtoto hana pa kudondokea. Sisi wafugaji ndio tuliomwinua tukamweka juu ya waya, kwa hiyo shimo lile ni juu yetu kumjengea. Ninayoyaandika hapa yanatokana na jambo hilo moja.

Nazungumzia sungura wa ukubwa wa kati, New Zealand White, California na machotara wao, ambao ndio wamejaa mabandani kwetu kuanzia Limuru hadi Njombe. Flemish Giant na wenzake wakubwa huchelewa kukomaa na wanahitaji nafasi zaidi.

Jike wa aina ya kati hupandishwa akiwa na miezi mitano hadi sita na uzito wa kilo 3 au zaidi kidogo. Flemish Giant msubiri hadi miezi minane au tisa. Wapo wanaopandisha kwa miezi minne kwa sababu jike anakubali dume, lakini kukubali dume na kuweza kulea ni mambo mawili tofauti. Jike mdogo huzaa watoto wachache, maziwa yake ni haba, na yeye mwenyewe hudumaa. Upande wa pili, usimwache akafika mwaka mzima bila kupandishwa huku ukimjaza pelleti, yaani chakula cha dukani cha punje. Mafuta hujikusanya tumboni kuzunguka mfuko wa uzazi, mimba hazishiki, na zikishika kuzaa kunakuwa kugumu. Papasa mgongo wake: uti wa mgongo usikike chini ya ngozi, usichome kama msumeno wala usipotee kabisa ndani ya nyama.

Kabla ya kumpeleka kwa dume mtazame sehemu ya uke. Ikiwa imepauka na kukauka, mwache. Ikiwa nyekundu au inaelekea zambarau, ina unyevu na imevimba kidogo, yuko tayari. Mpeleke jike kwenye kizimba cha dume, kamwe si kinyume chake. Jike hulinda eneo lake na anaweza kumshambulia dume hata kumjeruhi korodani, na dume akiwa ugenini hupoteza muda kunusa kila kona. Simama hapo hapo uangalie. Dume akimaliza huanguka ubavu au chali, mara nyingi na mlio mfupi, na hiyo ndiyo ishara ya uhakika. Yai la jike wa sungura hutoka takriban saa 10 hadi 12 baada ya tendo, na tendo lenyewe ndilo linalolichochea. Ndiyo maana kumrudisha kwa dume jioni ya siku hiyo hiyo huongeza uwezekano wa mimba. Kumwacha jike humo siku tatu "ili washibane", kama wengine wafanyavyo, hakuna faida: hutajua tarehe ya kupandwa, na bila tarehe huwezi kujua siku ya kuweka kiota.

Dume mmoja anatosha majike kumi ukimtumia kwa kiasi, siku mbili au tatu kwa wiki. Kwa wafugaji wa Dar es Salaam, Tanga na Mombasa kuna jambo la ziada. Joto likipanda juu ya nyuzi 30 kwa siku mfululizo mbegu za dume huharibika, na hata joto likishuka inaweza kuchukua miezi miwili hivi mpaka mbegu nzuri zirudi. Ukiona majike wanne wamekosa mimba mfululizo baada ya kiangazi kikali, usikimbilie kuwauza majike. Dume akae upande wenye kivuli na upepo, paa la bati liezekwe makuti juu yake, na mchana mwekee chupa ya maji yaliyoganda ili ajilaze pembeni yake.

Tarehe sasa. Mimba ni siku 31, ikipungua au kuzidi siku moja au mbili. Ukimpandisha tarehe 3 Machi mtegemee tarehe 3 Aprili, na sanduku la kuzalia liingie tarehe 31 Machi, yaani siku ya 28. Ziandike kwenye kadi ya kizimba siku hiyo hiyo, pamoja na namba ya dume.

Kati ya siku ya 12 na ya 14 pima mimba kwa vidole. Mweke jike juu ya meza yenye gunia asiteleze, mkono mmoja umshike mabegani, wa pili upite chini ya tumbo mbele kidogo ya nyonga, kidole gumba upande mmoja na vingine upande wa pili. Bonyeza kwa upole ukivuta kuelekea nyuma. Mimba utaisikia kama gololi laini zilizopangwa, zinazoponyoka vidoleni. Kinyesi kilichomo utumboni nacho ni duara, lakini ni kigumu, kidogo zaidi, na kiko juu karibu na mgongo. Anayejifunza aanze na jike ambaye ana hakika hana mimba ili ajue tumbo tupu likoje. Baada ya siku ya 16 acha kubonyeza, kwani unaweza kuwadhuru watoto.

Jike akianza kunyofoa manyoya na kubeba nyasi siku ya 16 hadi 18, hiyo ni mimba ya uongo. Hutokea dume akimpanda bila kushika mimba, au majike wakikaa pamoja na kupandana wao kwa wao. Haina madhara. Mara ikiisha anaweza kupandishwa, na mara nyingi hushika vizuri.

Tuje kwenye sanduku. Urefu sentimita 45, upana 30, kimo 30. Jike aweze kugeuka ndani lakini asipate nafasi ya kulala na kufanya makao. Sanduku kubwa ni kosa la kawaida sana: jike hulifanya kitanda, akalichafua, na watoto hutawanyika badala ya kurundikana. Mbele weka mlango wenye kizingiti cha sentimita 15. Kizingiti hicho kina kazi. Mama akimaliza kunyonyesha huruka ghafla, na mtoto aliyeng'ang'ania chuchu huburutwa naye. Akigonga kizingiti hudondoka ndani. Bila kizingiti hudondokea nje kwenye waya, na mwanzo wa makala haya umeshaeleza kinachofuata. Kingo zote zipigwe msasa, misumari isitokeze, na sakafu itobolewe matundu sita au manane ya kidole kimoja ili mkojo ushuke. Usitumie mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, kwa sababu jike hutafuna.

Ndani weka maranda makavu ya mbao kimo cha sentimita 5 hivi. Vumbi laini la msumeno halifai, linaingia puani mwa watoto. Juu yake jaza nyasi kavu laini, kisha kwa ngumi chimba shimo upande wa nyuma, mbali na mlango. Nyasi nyingine mwachie nje ya sanduku, maana jike anayekaribia kuzaa hupenda kubeba mwenyewe, na kazi hiyo humtuliza. Usiweke pamba, sufi, vitambaa wala nyuzi za magunia. Vinaonekana laini, lakini nyuzi hujisokota kwenye mguu wa mtoto, damu ikakatika, na mguu ukaoza.

Ukiweka sanduku siku ya 24 atalifanya choo, na watoto watazaliwa juu ya mkojo. Ukilisahau hadi siku ya 31 atazalia kwenye waya.

Siku mbili za mwisho kula kwake hupungua, na ni kawaida. Mpunguzie pelleti kidogo, nyasi kavu mwachie bila kipimo, na maji yasikatike hata saa moja. Hapo kwenye maji nataka kusisitiza. Jike anayekula watoto wake mara nyingi ni jike aliyezaa usiku akiwa na kiu. Wakati wa kuzaa hula kondo la nyuma, anaramba damu, na akiwa hana maji huendelea. Sababu nyingine ni chakula kisicho na protini ya kutosha, hofu ya mbwa au panya, na uzao wa kwanza. Chombo cha maji kijazwe jioni, na jioni hiyo usiwaruhusu wageni wala watoto wa jirani kuja kutazama.

Wengi huzaa alfajiri, na kazi nzima haizidi nusu saa. Idadi ya kawaida ni watoto sita hadi kumi, kila mmoja gramu 50 hadi 60, bila manyoya, macho na masikio yamefumba. Akipita siku ya 33 bila kuzaa huenda mtoto ni mmoja mkubwa aliyekwama. Mwite daktari wa mifugo siku hiyo, usingoje kesho yake.

Je, uguse kiota? Ndiyo, uguse. Imani kwamba jike ataua watoto wakinusa mkono wa mtu imewaponza wengi, kwa sababu mtoto mmoja aliyekufa na kuachwa humo huwaponza wenzake. Jike aliyezoea kushikwa hana shida. Osha mikono kwa maji bila sabuni yenye manukato, msugue jike mgongoni ili mkono upate harufu yake, mpe matembele kidogo ajishughulishe, kisha vuta sanduku nje. Hesabu watoto, toa waliokufa na mabaki ya kondo, badilisha nyasi zilizolowa damu, warundike wazima pamoja shimoni na uwafunike kwa manyoya. Kama mama hakunyofoa manyoya ya kutosha, mnyofoe wewe tumboni kuzunguka chuchu. Wakati huo yanatoka yenyewe bila maumivu, na chuchu zinabaki wazi. Manyoya safi yanayobaki kwenye viota vya majike wengine yahifadhi kwenye mfuko wa karatasi kwa siku kama hii.

Sehemu ya ndani ya kiota inatakiwa kuwa na joto la nyuzi 32 hadi 35. Mtoto hawezi kujipatia joto peke yake siku za mwanzo, anategemea wenzake na manyoya. Pwani tatizo hugeuka: kiota kikijazwa mno watoto huzidiwa na joto na kutambaa nje. Ukiwaona wametawanyika, ngozi nyekundu na wanahema haraka, punguza manyoya. Ukiwaona wamebanana na ngozi inaelekea bluu, ongeza.

Ukimkuta mtoto wa baridi, asiyetikisika, usimtupe bado. Mweke kifuani chini ya nguo, au mtumbukize hadi shingoni kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 38, ambayo mkononi hayachomi wala hayapoi, kichwa ukikishika juu. Dakika kumi au kumi na tano zinatosha kujua. Akianza kupiga miguu mkaushe kabisa na umrudishe katikati ya wenzake. Usimpe maziwa kabla hajapata joto, kwani tumbo la baridi halisagi kitu.

Siku ya pili ndipo simu za wasiwasi huanza: "mama hakai na watoto, amewakataa." Hajawakataa. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, wakati mwingine mbili, usiku au alfajiri, kwa dakika tatu hadi tano tu. Muda uliobaki hujitenga, kwa sababu porini mama anayezungukazunguka shimo humwonyesha adui walipo watoto. Usimfungie ndani ya sanduku. Angalia matumbo ya watoto asubuhi. Aliyeshiba tumbo lake ni duara, ngozi imenyooka, na maziwa yanaonekana meupe kupitia ngozi. Mwenye njaa amenyauka, ngozi ina makunyanzi, na ukigusa kiota anarusha kichwa juu akitafuta. Mmoja mwenye njaa kati ya saba ni dhaifu aliyesukumwa na wenzake. Wote saba wakiwa na njaa kwa saa 24 tatizo ni mama.

Hapo mshike mama, mlaze juu ya watoto ndani ya sanduku, umtulize kwa mkono mgongoni dakika tano hadi kumi. Rudia asubuhi na jioni. Majike wengi wa uzao wa kwanza huelewa baada ya siku mbili au tatu. Kama hana maziwa kabisa, wahamishe watoto kwa jike mwingine. Maziwa ya ng'ombe ni mepesi mno kwa watoto wa sungura, na hata ya mbuzi kwa bomba la sindano huokoa wachache sana.

Uhamisho huo ndio sababu ya kupandisha majike wawili au watatu siku moja. Mmoja akizaa kumi na mmoja na mwenzake wanne, unasawazisha. Fanya ndani ya siku tatu za mwanzo, na watoto wasipishane umri kwa zaidi ya siku mbili. Hamisha walio wakubwa, kwa kuwa ndio watakaoweza kushindana ugenini. Wapake manyoya ya kiota kipya na uwaweke chini kabisa ya rundo. Jike ana chuchu nane hadi kumi. Mwachie saba au wanane, na wa uzao wa kwanza sita wanamtosha.

Kabla ya kuhamisha lolote papasa matiti ya mama wa mwanzo. Yakiwa moto, magumu, mekundu au yanageuka bluu, ni ugonjwa wa matiti. Watoto wake usiwapeleke kwa jike mzima, watamwambukiza. Tiba ni ya daktari wa mifugo, na jambo moja ulijue wewe mwenyewe: amoksilini na dawa nyingine za jamii ya penisilini hazipewi sungura kwa mdomo. Huua bakteria wazuri wa utumbo, na mnyama hufa kwa kuhara. Wapo waliompa vidonge vya binadamu jike mwenye kidonda kidogo wakampoteza kwa dawa.

Siafu na panya nao. Siafu wakipanda usiku hawaachi kitu kiotani. Kila mguu wa banda usimame ndani ya kopo lenye oili chafu, na ukague kila wiki kama jani au utando haujafanya daraja juu ya oili. Tawi linalogusa paa likatwe. Panya huingia kwenye tundu la sentimita mbili, kwa hiyo wavu wa kuku hautoshi. Tumia waya wa matundu madogo kuzunguka eneo la wazazi.

Kuanzia siku ya tano au sita manyoya hufunika mwili, na uzito unakuwa mara mbili ya ule wa kuzaliwa. Utakuta punje chache za kinyesi cha mama kiotani. Ziache. Watoto huzitafuna, na kwazo hupata bakteria wa kuwasaidia kusaga chakula baadaye. Unachotoa ni nyasi zilizolowa mkojo. Macho hufunguka siku ya 10 hadi 12. Likibaki jicho limegandamana siku ya 12, loanisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa yenye chumvi kidogo, futa kwa kitambaa safi kutoka puani kwenda nje, na ufungue taratibu. Ukilisahau usaha hujaa nyuma ya kope na jicho linapofuka.

Chakula cha mama sasa. Jike mwenye mimba changa hutosheka na gramu 120 hadi 150 za pelleti zenye protini asilimia 16 hadi 18, pamoja na nyasi. Baada ya kuzaa panda polepole kwa siku nne au tano, na kuanzia wiki ya pili mwachie ale atakavyo, kwa kuwa maziwa hufika kilele karibu na wiki ya tatu. Maji ya mama na watoto wakati huo huvuka lita moja kwa siku, hivyo kikopo cha maziwa hakitoshi. Majani mazuri ni matembele, kishona nguo na mchicha kidogo, yote yakiwa yamenyaushwa kivulini saa kadhaa. Majani yenye umande huleta gesi. Majani ya parachichi yasiingie bandani kabisa: ni sumu kwa sungura, hudhuru matiti ya mama anayenyonyesha na moyo. Ya nyanya na ya viazi mviringo nayo acha.

Sanduku litoke siku ya 18 hadi 21. Nyanda za juu wakati wa Juni na Julai unaweza kungoja siku chache zaidi, mradi libaki kavu, kwa sababu sanduku lenye mkojo ni kiwanda cha koksidia, vimelea vya utumbo na ini. Lisugue kwa sabuni, lianike juani siku mbili.

Kuachisha ni kati ya siku 35 na 42. Mtoe mama, watoto wabaki kizimba kile kile walichozoea. Ukiwahamisha wao, ukawabadilishia chakula na kuwatenga na mama vyote kwa siku moja, wiki inayofuata utaona matumbo makubwa, kuhara na vifo vya ghafla. Mara nyingi hiyo ni koksidia, na ikiwa imeshika ini, ukipasua utalikuta lina madoa meupe. Chakula kibaki kile kile kwa wiki nzima, sakafu iwe kavu, nyasi kavu zisiishe. Wakifika miezi mitatu madume na majike wawe wametenganishwa.

Mama mpunguzie pelleti kwa siku tatu ili maziwa yakauke, kisha mtazame uke kama mwanzo na umpandishe. Kwa mwendo huo anazaa mara nne hadi tano kwa mwaka. Inawezekana kumpandisha siku moja baada ya kuzaa, na wenye mabanda makubwa na chakula cha uhakika hufanya hivyo au karibu na hivyo. Kwa mfugaji anayetegemea majani ya shambani siishauri, jike hukonda na uzao wa tatu huwa na watoto watatu dhaifu. Aliyepoteza watoto uzao wa kwanza mpe nafasi ya pili. Akipoteza tena huku kadi inaonyesha sanduku liliwekwa siku ya 28, maji yalikuwepo na banda lilikuwa kimya, mtoe kwenye uzazi, na binti zake usiwaweke kwa ajili ya kuzalisha.